Mama Alipotoka Eda Amenawiri

Siku mama alipotoka eda, majirani zetu wa Mlingotini walimfurahia kuliko bibi harusi. Tangu baba afariki alikuwa amekaa ndani kama dini inavyotaka, na sasa, ndani ya kanga mpya, mwanamke aliyekuwa mwembamba tangu usichana wake alikuwa amejaa. "Mashallah, umenawiri!" Kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo ya kumpa mjane. Mwili ukirudi, watu husema huzuni imeondoka.

Mimi niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja nilijua anaegemea mito usiku kucha, maana akilala chali pumzi inamkata. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba mdomo wangu una uchuro.

Nikamburuta hadi zahanati. Muuguzi akampandisha kwenye mizani, akampima urefu, akabonyeza simu yake. Akanieleza kuwa hiyo ndiyo BMI: unachukua kilo, unazigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe.

"Hongera, mama. Mwaka jana ulikuwa na uzito pungufu. Sasa uko sawa kabisa."

"Dada, itazame mikono yake ilivyokonda. Ni tumbo na miguu tu."

"Kila mtu na anaponenepea," akasema, akaita mwingine.

Nilitoka pale na hasira. Mizani inapima chochote kilichopanda juu yake, nyama, mafuta, mifupa, maji, na haiulizi kipi ni kipi. Panda na ndoo kichwani, itakuhesabia na ndoo. Lakini ningemwambia nani, wakati kipimo na mtaa mzima vilikuwa vinampongeza mama?

Wiki iliyofuata alishindwa kutembea kutoka uani hadi barazani. Nikampeleka hospitali, Bagamoyo mjini. Daktari alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Alisema moyo umechoka, maji yanajaa mwilini, na chini ya maji hayo mama amekonda vibaya. Akamlaza, akampa dawa za kukojoa.

Dawa zilifanya kazi, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Pumzi ya mama ilirudi, akalala usingizi wa kweli, lakini kila asubuhi alizidi kupungua. Mashavu yakabonyea, mifupa ya shingo ikatokeza. Mjomba, kaka yake mkubwa, alipokuja kumjulia hali hakuitikia hata shikamoo yangu.

"Mnamfanya nini dada yangu? Kaja hapa na mwili wake!"

"Mjomba, yale yalikuwa maji."

"Maji! Mtu ananenepa maji? Tunamrudisha nyumbani akale."

Nilimshika miguu, mtu mzima mimi, mbele ya wodi nzima. Nililia. Nilimwambia dawa zikikatishwa maji yatarudi, na safari hii yatamuua. Akasema kusoma kumeniharibu. Nikamgeukia mama, kwa sababu akikataa yeye, hakuna ambaye angeweza kumtoa pale kitandani.

Mama alikuwa anautazama mkono wake, akiugeuza taratibu, bangili imeteleza hadi kwenye kiwiko.

"Mwanangu, niache niende," akasema. "Huoni wananimaliza?"

Mjomba akaanza kukunja shuka zake.