Mikebe Miwili ya Kuntai

Mashine ya kujazia risasi ilikaa miaka mitatu imefunikwa gunia nyuma ya duka la mbao la Wachira, Kitengela. Hakuigusa tangu azikwe Kuntai, rafiki yake wa miaka ishirini. Wote wawili walikuwa na leseni, na walikuwa na mtindo wao wa kazi: Wachira alipima baruti kwa mizani, Kuntai akamulika kila ganda la risasi kwa tochi kuhakiki baruti ndani kabla halijafungwa. Hakuna aliyewahi kushika kazi ya mwenzake.

Sasa klabu yao ya shabaha ilikuwa imetenga Jumamosi ya kumkumbuka Kuntai, huko Isinya, na Wachira ndiye angefungua kwa risasi tano. Wanachama waliposema watamnunulia risasi, alikataa. Alitaka kupiga zile walizokuwa wamepanga kujaza pamoja, kwa vitu vilivyobaki.

Akafungua sanduku la chuma. Maganda yalikuwa yameng'arishwa. Vichwa vya risasi vilikuwa vimefungwa kwa kipande cha shuka jekundu. Chini yake kulikuwa na mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, imejaa baruti, haina hata alama.

Ndipo akakumbuka. Vyombo vya awali vilipopasuka, Kuntai ndiye aliyeihamisha baruti. Wachira alimwambia aandike juu, maana moja huwaka haraka na nyingine polepole, na ukikosea bunduki hukupasukia usoni. Kuntai alicheka.

"Wewe Wachira, mimi niko na ng'ombe mia moja. Ushaona nimeandika jina kwa ng'ombe?"

Wachira naye alicheka, akayaacha hapo. Alijua siku zote Kuntai atakuwepo amwulize.

Alinusa mkebe mmoja, akanusa na mwingine. Akasugua chembe kati ya vidole. Mwishowe akajiaminisha kuwa baruti inayofaa ni ya mkebe wa kushoto, kwa kuwa Kuntai alitumia mkono wa kushoto. Akapima, akajaza ganda la kwanza, akalisogeza pembeni bila kuangalia ili limulikwe. Mkono ukabaki hewani.

Alimwaga baruti ya lile ganda, akampigia simu Margaret, mjane wa Kuntai. Margaret alifika saa nane mchana, wakasalimiana kwa Kimaasai, na Wachira akamwonyesha mikebe.

"Mama Lemein, hakukuambia kitu kuhusu hii?"

Margaret aliitazama. Alisema mikebe anaijua, imetoka jikoni kwake, na aliitafuta wiki nzima.

"Hospitalini Kuntai alinionyesha ng'ombe mmoja mmoja, kwa kutaja rangi, nisije nikaibiwa," alisema. "Lakini hii hakunionyesha. Hii alijua ni yako."

Wachira alitoa mikebe nje, akamimina maji hadi juu, akakoroga kwa kipande cha mbao. Baruti ya Kuntai ikageuka uji wa kijivu.

Margaret alimwuliza basi Jumamosi atapiga nini.

"Sitapiga. Nitasimama tu."

Jumamosi alisimama mbele ya shabaha na bunduki tupu, mtutu umeelekea chini, mpaka muda wa risasi tano ukaisha. Watu walidhani amelemewa na huzuni, wakamwacha. Hawakuiona ile tochi ndogo ya Kuntai mfukoni mwake, ambayo betri zake zilikuwa zimeoza tangu zamani, naye hakuzibadilisha.