Shairi la Marehemu Lililonipatia Mchumba

Jamani, nimekosa. Niliiba, tena nilimwibia marehemu!

Mimi ni Mkenya, mtu wa Kitui, nafanya kazi benki hapa Sandton, huku kusini mwa Afrika. Mapenzi sikuyajua mpaka nilipokutana na mwalimu mmoja wa sekondari, binti wa Kikongo ambaye wazazi wake wanakaa Joubert Park. Nimwite Furaha.

Siku ya kunitambulisha kwao ilipokaribia, Furaha alinionya. Kwao mchumba husimama mbele ya wazee na kusema kwa kinywa chake kwa nini anamtaka binti yao.

Mimi mtu wa benki, maneno matamu nitayatoa wapi? Basi nikapita Marshalltown kwa muuza vitabu vya mtumba kando ya barabara, nikapata mashairi ya mwanamke mmoja Mwingereza wa zamani. Sikuwahi kumsikia. Nikamuuliza Mwingereza wa kazini, naye hamjui. Nikasema moyoni, huyu nani atamtetea?

Kurasa za mwanzo, za maisha yake, niliziruka. Nani ana muda? Nikalitafsiri shairi moja tamu. Theluji nikaifanya mvua ya Kitui. Farasi nikamfanya mbuzi.

Siku ilipofika nikasimama nikalighani. Wee! Mama yake alifuta machozi. Baba yake, mzee mgumu ambaye hakutaka kabisa mkwe Mkenya, akanishika mkono.

"Ile mashairi, ni weye uliandika?"

"Ni mimi, papa."

"Basi mutoto utamupata. Ile mbuzi imenigusa sana."

Nikamvisha Furaha pete, kichwa kikavimba! Kanisani kwao wakaanza kuniita malenga, nami nikaitika bila haya. Nikatafsiri na mengine.

Jumamosi moja Furaha alikuja kwangu. Nikiwa jikoni nasonga ugali, yeye akakiona kitabu juu ya kabati. Mwalimu haruki kurasa. Nilipotoka na sinia nikamkuta amekishika, kimefunguliwa kurasa za mwanzo.

"Umesoma maisha yake?"

"Bado."

"Soma."

Nikasoma nimesimama. Kumbe yule dada aliandika tangu usichana wake, na kaka yake akayachapisha mashairi yote kwa jina lake yeye kaka. Kaka akasifiwa mpaka akafa; ukweli ulijulikana wote wawili wakiwa kaburini. Dada, kijijini kwao, alijulikana kwa kupika jamu nzuri tu. Eish! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Huyo kaka yake unamwonaje?" Furaha aliniuliza.

"Mwizi."

"Basi na mwizi mwenzake atasimama kanisani aseme. Papa atakuwepo." Akavua pete, akaiweka mezani. Ugali haukuliwa.

Nilisimama nikasema yote, na jina la yule mshairi nikalitaja kwa sauti. Papa aliuliza jambo moja tu. "Na mbuzi?"

"Alikuwa farasi, papa."

Kanisa zima lilivunjika mbavu! Mpaka leo watoto wananiita Mzee Farasi. Lakini papa hakucheka. Alichukua kofia yake akatoka, na kwa muda mrefu hakupokea simu zangu. Harusi ikasimama, nami nikakonda.

Furaha alinipa sharti moja: niandike shairi langu mwenyewe. Jamani, nilitoka jasho! Nikaandika ubeti mmoja kuhusu Furaha anavyokula mahindi ya kuchoma barabarani bila kumjali mtu. Vina viligombana, mizani ikapotea kabisa.

Aliusoma, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akampigia baba yake simu, akamsomea. Halafu nikaisikia sauti ya mzee:

"Hii ni mubaya sana. Hii ni yake ya kweli. Mwambie akuje kula."

Ndugu yangu unayesoma, usichukue maneno ya mtu kwa kuwa dunia imemsahau. Wengine hawakusahauliwa, walifichwa na watu kama mimi. Mtaje jina lake, kisha umsomee mpenzi wako la kwako, hata likiwa bovu. Akicheka mwache acheke. Wangu alicheka huku akiivaa pete.