Ubao wa Tuliyoona na Tuliyosikia

Vijana huniambia kwamba intaneti ilifika Garissa pamoja na simu za mkononi. Nawakatalia, na nitaendelea kuwakatalia. Ilifika kabla ya simu hizo. Ilikaa kwenye duka la mjomba wangu mtaa wa Waberi, ikatundikwa nje ukutani kwa pini nne, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitundika.

Nimeishi kwingi tangu wakati ule. Nimeuza nguo Mombasa, nimepika hotelini Mwanza, nimekaa Lubumbashi miaka miwili bila sababu ninayoweza kuieleza. Kila mji nikifika, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mahali watu wanaposimama pamoja kusoma. Siku hizi hawasimami. Kila mmoja amekiinamia kiganja chake. Huenda ndiyo maana sikai.

Mjomba alikuwa na duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi. Nilimwita abti, yaani mjomba kwa Kisomali, naye akiniita abti vilevile, maana kwetu jina hilo huenda na kurudi. Mzungu mmoja aliyemaliza kazi yake Dadaab alimwachia kompyuta na modemu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na gredi isiyonipeleka popote. Abti akanipa kiti mbele ya ile mashine, kwa kuwa yeye mwenyewe aliiogopa.

Kila Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri tulipiga simu Nairobi. Modemu ililia kama ngamia anayefungwa mzigo, kisha, Mungu akipenda, barua ya binamu yangu ikaingia. Binamu alikuwa Toronto, anasomea kompyuta, mpweke kiasi cha kuniandikia kila wiki muhtasari wa dunia nzima. Siasa aliziweka juu, mpira katikati, na chini kabisa mambo yake mwenyewe: mashine iliyomshinda bingwa wa sataranji, kigari kilichotua Mirihi, hofu kwamba kompyuta zote zingepoteza akili mwaka elfu mbili ukiingia. Alivichota huku na huku kwenye kurasa za intaneti. Mimi nilivifupisha kwa Kiswahili, nikavichapa, nikavitundika kwenye ubao wa mbao nje ya mlango.

Niliandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kusoma. Kisomali tulikizungumza tu. Waliojua kukiandika walikuwa wametoka ng'ambo ya mpaka. Kiswahili kilisomwa na walimu, askari, madereva wa malori, na sisi tuliopita shuleni. Asiyejua kusoma alitafsiriwa na aliyesimama karibu yake, pamoja na chumvi ya mtafsiri.

Kwetu msafiri akiingia, kabla hajaulizwa jina la mtoto wake, anaambiwa neno moja: "Warran." Toa habari. Hapo anaeleza mvua, malisho, amani, mifugo. Na kuna utaratibu. Kwanza anasema alichokiona kwa macho yake. Akimaliza ndipo anaposema alichokisikia, na alikisikia kwa nani. Anayechanganya hayo mawili hasikilizwi tena, kwa sababu watu huhamisha mifugo yao yote kwa neno lake. Kwa hiyo karatasi yangu niliigawa kwa mstari katikati. Kushoto niliandika TULIYOONA, kulia TULIYOSIKIA.

Tatizo lilikuwa kwamba kulia kulijaa pomoni na kushoto kulikuwa kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Lori limeanguka karibu na soko. Bomba la maji limepasuka. Basi. Niliona aibu na ule upande mtupu. Kisha binamu akanitumia picha ya kondoo.

Ilichukua muda mrefu kushuka, mstari kwa mstari, kuanzia masikioni. Alikuwa kondoo aliyetengenezwa na wataalamu huko Ulaya kutokana na kondoo mwingine, bila dume. Nilimtazama kwenye kioo cha kompyuta kwa macho yangu mawili. Nikamwandika kushoto, chini ya TULIYOONA: "Kondoo asiye na baba."

Hakuna habari iliyowahi kuvuta watu kama ile. Walikuja mpaka wauza maziwa. Walibishana kama nyama yake ni halali, na kama akiibiwa nani ashtakiwe. Katikati ya zogo akafika mzee mmoja mfugaji kutoka Eldas, ndevu zimepakwa hina, mswaki mdomoni. Alikuwa akileta mbuzi wake Garissa kila baada ya miezi michache, na ulimi wake ulijulikana sokoni. Nilimwita adeer, baba mdogo, kama inavyompasa mtu wa umri wake, naye akanirudishia jina hilo hilo. Akasomewa ile habari, akanigeukia.

"Adeer, huyu kondoo umemwona?" aliniuliza kwa Kisomali.

"Nimemwona, adeer."

"Wallahi?"

"Wallahi."

"Meno yake mangapi?"

Kwetu umri wa mnyama unasomwa kinywani, na hata mtoto akitumwa kumtazama kondoo hurudi na jibu hilo.

"Amesimama amefunga mdomo," nikasema.

"Mkia wake mnene au mwembamba?"

"Picha ilimkata mkia."

Mzee akautoa mswaki mdomoni. "Hana baba, hana meno, hana mkia. Na huyu binti amemwona!"

Walicheka mpaka mtu mmoja akakaa chini vumbini. Kwa wiki nzima nilisalimiwa kwa swali la meno. Nilikasirika, kisha nikafikiri, kisha nikakasirika zaidi kwa sababu alikuwa sahihi. Kioo cha kompyuta ni mdomo wa mtu mwingine. Kuanzia hapo kila kilichotoka kwenye mashine nilikiweka kulia, na jina la aliyenipa, hata kama kilikuja na picha kumi.

Mwisho wa mwaka wa tisini na saba ikaja ile mvua ambayo watu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Mto Tana ulitanuka ukaingia mashambani. Magazeti yakakoma kuja. Simu ikafa, na pamoja nayo binamu yangu, siasa zake, mpira wake na Mirihi yake. Abti alisema tufunge ubao mpaka mambo yatulie. Nikamwambia huu ndio wakati wa kuufungua. Kila asubuhi nilizunguka mtaani na kwenye kingo za mto, na kwa mara ya kwanza kushoto kukajaa: ukuta gani umeanguka, kisima gani kimeingiwa na maji ya choo, duka gani bado lina unga.

Siku moja likapita gari la serikali, juu yake bwana mmoja na kipaza sauti. Alikuwa karani wa ofisi, mtu wa bara, mpole siku zote. Alikuwa msomaji wangu pia: kila Alhamisi aliwahi, akaruka siasa, akasoma mpira akiwa ameshika mikono nyuma. Siku hiyo alitangaza kwamba barabara ya Nairobi imefunguliwa, wafanyabiashara wapakie mifugo bila wasiwasi.

Mji ukapumua. Mzee wa Eldas alikuwa hapo na mbuzi wake. Safari hii alileta karibu wote aliokuwa nao, kwa kuwa huko kwao walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa mvua. Malori mawili yalikuwa yapakiwe kesho yake mchana, moja lake na moja la wengine. Lakini jioni ile mwanamke mmoja aliyeingia mjini kwa miguu aliniambia kwamba kuna laga, mkondo wa maji ya msimu, upande wa pili wa mto, iliyokula lami. Niliandika hilo kulia, na jinsi nilivyolipata. Mzee akasomewa.

"Umesikia," akaniambia.

"Nimesikia, adeer."

"Na yule wa kipaza sauti, naye amesikia tu?"

"Sijui."

Akaguna. "Mbuzi wangu hawapandi wala hawashuki kwa sijui."

Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Kulipopambazuka nilivuka daraja. Askari kizuizini alitaka kitambulisho changu, na ile kadi ya ziada ambayo sisi Wasomali tu tulilazimika kutembea nayo mifukoni, akanitazama kama ninayetoroka nchi. Nikamwambia nakwenda kutazama barabara. "Barabara haitazamwi, inapitwa," akasema. Nikamwambia ndilo ninalokwenda kuhakikisha. Trekta la mkulima likanibeba sehemu ya njia, iliyobaki nikaikanyaga kwenye tope, viatu mkononi.

Laga ilikuwa imekula lami urefu wa malori matatu. Makalvati, yale mabomba ya zege ya kupitisha maji chini ya barabara, yalikuwa yamelala huko chini kama magogo, maji yakipita juu yake, mekundu, yenye kelele. Nilichukua ufito, nikausimamisha pembeni tu, ukazama wote mpaka kwenye kiganja changu. Ng'ambo kulikuwa na basi, na abiria wake wameanika nguo kwenye miiba. Mtu mmoja mwenye shati la kijani alikuwa na gazeti. Nilimpigia kelele:

"Mna siku ngapi hapo?"

"Tatu!"

"Mpira je?"

Akanisomea matokeo juu ya ngurumo ya maji, mikono kinywani, na kila timu akainyooshea vidole vya mabao. Nilipogeuka kurudi niliokota kipande cha lami chenye mstari mweupe, nikakifunga kwenye ncha ya shuka yangu.

Nilifika mjini mbuzi wa kwanza wakipandishwa. Sikwenda kwenye malori. Nilikwenda kwenye ubao, kwa kuwa pale ndipo neno langu lilipokuwa na uzito wowote. Niliandika kwa mkono, herufi kubwa, upande wa kushoto: barabara imekatika, urefu, kina, basi ng'ambo. Kulia nikaandika: "Ofisi imesema kwa kipaza sauti kwamba barabara iko wazi." Na chini yake: "Matokeo ya mpira, kutoka kwa mtu wa shati la kijani."

Watu wakajaa. Mzee aliitwa. Na kabla hajafika, bwana wa kipaza sauti alikuwa ameshasimama mbele yangu.

"Binti, tangazo la serikali umeliweka kwenye uvumi?"

"Nimeliweka kwenye tuliyosikia, bwana. Umelitoa wapi?"

"Kwenye redio ya ofisi."

"Basi limekaa mahali pake."

"Ondoa hiyo karatasi. Unatia watu hofu."

"Siondoi."

Abti alitoka dukani. Leseni yake ilikuwa imening'inia ndani, na nilijua alikuwa anaiona akilini. "Abti," akaninong'oneza, "karatasi ni karatasi tu."

"Siondoi, abti."

Mzee wa Eldas akapenya katikati yetu. Hakunisalimu. "Meno yake?" akasema.

Nilifungua fundo la shuka nikamwekea kile kipande cha lami kiganjani. Alikigeuza, akaukwangua ule mstari mweupe kwa ukucha. Akatazama tope lililokauka mpaka magotini mwangu. Kisha akamgeukia yule bwana kwa Kiswahili chake kichache, chenye b mahali pa p.

"Wewe nafika bale kwa miguu yako?"

"Mzee, nimeambiwa na wakubwa."

"Basi wewe nasikia," mzee akasema. "Huyu naona."

Akaondoka kwenda kushusha mbuzi wake. Sauti ya kwato zikigonga mbao za lori naikumbuka kuliko wimbo wowote. Lile lori la pili liliondoka, kwa sababu wenye mali walikuwa na haraka na tangazo lilikuwa la serikali. Lilirudi siku ya tatu. Mbuzi walioshuka hawakuwa wote waliopanda, na walioshuka walikuwa wamelowa mpaka tumboni.

Hilo halikuuokoa ubao. Alasiri ile ile ya mabishano askari wawili waliung'oa pamoja na misumari yake minne, wakautia kwenye gari. Hakuna aliyetuandikia sababu. Sijauona tena. Abti alifurahi kwamba walichukua mbao na si leseni, akaniomba nibaki ndani nipige chapa barua za watu.

Nilibaki ndani mpaka Alhamisi. Wiki hiyo simu ilifufuka, modemu ikalia, na barua tatu za binamu zikaingia kwa pamoja. Nilizisoma zote, nikachukua kigoda changu, nikakipeleka nje, nikakaa chini ya matundu manne yaliyobaki ukutani. Abti aliniita mara mbili. Sikuitika.

Mzee wa Eldas alikuwa wa kwanza kuchuchumaa mbele yangu. Barabara ilikuwa bado haijatengenezwa; mbuzi wake walikuwa wakila majani ya uani kwa watu, hai. Nyuma yake wakaja walimu, madereva, wauza maziwa, na mmoja wa wale askari wawili, bila kofia.

"Warran," mzee akasema.

Nikaanza na niliyoyaona. Niliyaeleza moja moja, polepole, kwa Kisomali na kisha kwa Kiswahili, kwa kuwa hakuna gari la kuchukua mdomo wa mtu likaondoka nao. Nilipoingia kwenye niliyoyasikia niliinua macho, nikamwona bwana wa kipaza sauti amesimama nyuma kabisa, mikono nyuma. Nilijua anachongoja.

Nilianza na siasa, nikaenda Mirihi, nikarudi kwa kondoo. Mpira nikamwekea mwisho.