Chausiku amezimia na chupa ya uchawi ipo: ubishi wa gemu ulionishinda kuhukumu

Wakuu, ilikuwa ule mwaka ambao sisi watu wa Ifakara, watu wa wali, tulikula ugali wa muhogo mchana na jioni, kitoweo kambare wa kuokota kwenye majaruba. Mvua zile kubwa. Mpunga wote ulilala majini. Mwenye kumbukumbu ameshaujua mwaka.

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo nimeshaitikia. Mimi ni bibi, darasa la nne sikumaliza, herufi zikipinda mzinyooshe wenyewe. Ila nisemayo niliyaona kwa macho haya. Aliyekuwepo akisoma atanisuta nikiongeza chumvi.

Nilikuwa nakaa Lumemo. Binti yangu Emiliana aliletwa kutoka Mlimba anaumwa. Ugonjwa ule wa miaka ile, dawa zake zilikuwa bado hazijatufikia.

Aliondoka kwangu mwanamke wa kubeba gunia la mpunga. Alirudi nikambeba mgongoni mpaka kitandani.

Kazi yangu ikawa kumlisha. Uji, kijiko kwa kijiko. Akikaza meno nasubiri, akilegeza naingiza. Majirani wakasema huyu anaishi kwa kijiko cha mama yake. Nami nikavimba kichwa, sifichi.

Sasa gemu.

Mwanangu mwingine, Fidelis, alikuwa mwalimu. Mzungu mmoja wa kujitolea shuleni kwao alipoondoka alimwachia kitabu na dadu za ajabu, nyingine zina pande ishirini. Hakuna bao, hakuna karata. Mwenye kitabu anasimulia safari, wenzake wanasema wao ni nani na wanafanya nini, dadu inaamua kama wameweza. Kitabu Kiingereza, Fidelis anatafsiri papo hapo.

Niliona upuuzi wa watu waliokosa jembe. Halafu Emiliana akacheka. Tangu aje hajacheka. Nikafunga mdomo wangu.

Mchezaji wa tatu ni Masanja, jirani, Msukuma wa ng'ombe. Tulianza kwa ugomvi, ng'ombe wake walilala kwenye jaruba langu. Tukakaa, tukasemana, tukayamaliza, akawa mtu wa kuingia kwangu bila hodi.

Masanja akawa jitu la shoka. Emiliana akawa Chausiku, mwindaji wa upinde, miguu mirefu, hachoki. Mchana mvua inanyesha, kitanda chake ndiyo meza yao.

Siku moja joka likampiga Chausiku, akazimia. Masanja alikuwa na chupa ya uchawi, funda moja tu, inaponya chochote.

"Namnywesha," akasema.

Fidelis akasoma kitabu. Chupa humponya anayeinywa kwa hiari yake. Basi, hapo hapo sheria imeisha. Aliyezimia anahesabiwaje, kitabu kimenyamaza.

Wakuu, walibishana siku tatu.

Masanja akasema, "Ndama akilala chini humuulizi. Unapanua mdomo, unaingiza chupa, anameza. Kesho anakunyea mguuni, unashukuru."

"Mimi siyo ndama, Masanja," Emiliana akasema.

"Kweli. Ndama ana mkia, wewe una nini?"

Tulicheka wote, hata yeye.

Fidelis akasema aliyezimia hajakataa, kwa hiyo amekubali. Emiliana akamjibu, "Hajakataa kwa sababu hana sauti. Chausiku ni mimi, niulizeni mimi. Hataki. Amechoka, mwacheni alale."

Alisema hayo hamwangalii Fidelis. Ananiangalia mimi, niliyekaa pembeni na bakuli la uji.

Masanja hakuona. Akasema, "Tumpe mama ahukumu. Mimi alinihukumu na ng'ombe wangu, nikaridhika."

Ni kweli, mtaani nilikuwa na jina hilo. Mipaka ya majaruba, ndugu waliotoana damu, wote waliletwa kwangu na sikuwahi kukosa neno.

"Sawa," Emiliana akasema. "Mama ahukumu. Atakalosema tunalifuata."

Fidelis akafunga kitabu. Wakaningoja.

Nikisema anyweshwe, nimesema kauli ya mwanangu siyo kitu. Nikisema aachwe, jioni naingiaje na uji?

Nikasema, "Siamui mimi. Mkono wangu umeshika kijiko."

Fidelis akasema bila hukumu gemu haiendelei. Na haikuendelea. Chausiku akabaki chini, jitu limesimama na chupa yake.

Jioni nikamlisha. Hakukaza meno. Alimeza kila kijiko, macho yake usoni kwangu. Wakuu, natamani angekaza.

Alimeza hivyo wiki mbili, halafu akafa. Hakucheka tena. Kaburi lilikuwa linajaa maji, Masanja anachota kwa ndoo, analia na kuchota.

Binti wa Emiliana nimemlea mimi, kwa mpunga wangu, na leo ni nesi. Ndiye aliyenifungulia akaunti humu. Anasema kazini kwao mgonjwa akikataa anatia saini, anaachwa. Anasema ningemwacha mama yake acheze, acheke, afe ameshiba kicheko. Fidelis anasema mama anayeweka kijiko chini siyo mama. Wanabishana mbele yangu na chakula kinapoa.

Nilichojifunza ni hiki. Sheria ikiwa na tundu, mtu anapita humo na shida yake nzima. Na kabla hujakubali kuhukumu, tazama kwanza umeshika nini.

Kulala silali vizuri, miaka yote hii. Sidanganyi watu.

Basi mnaojua gemu hizi, na mliowahi kuuguza, shusheni komenti. Chausiku anyweshwe au aachwe? Nitasoma zote, hata za matusi.

Ila asije mtu kuniuliza mimi nasemaje. Juzi mjukuu wangu kaniuliza, kaweka simu chini kabisa, kanishika magoti: bibi, leo ungeamua nini?

Nimemjibu. Siamui mimi. Mkono wangu umeshika kijiko.