Mdogo wangu amesoma maneno ya baba yetu bila kujua

Admin, ficha jina langu na la kanisa letu. Mengine yaache yalivyo. Mama yangu hayumo kwenye mitandao.

Nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Bukavu, Kongo. Naishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na mama, ambaye ni mshonaji, na mdogo wangu wa kiume. Baba tulipotezana naye tukikimbia vita. Mimi nilikuwa na miaka minane, mdogo wangu alikuwa mgongoni. Waliokuja nyuma yetu walisema ameuawa. Mama alivaa nguo nyeusi mwaka mzima, na tangu hapo kanisani anakaa na wajane.

Mimi na mdogo wangu tunasoma diploma kwa mtandao hapa kambini. Kikundi chetu cha wanafunzi kinatengeneza podikasti: tunachagua swali, tunasoma yaliyoandikwa juu yake, tunahoji watu, kisha tunakaa kuzungumza tuliyoyapata. Bando ni ghali, kwa hiyo vipindi vinasambaa kwa memori kadi, vinasikilizwa kwa vinyozi na kwenye cherehani ya mama. Anayehojiwa tunamficha. Majina ya watu na mahali yanakatwa, na maneno yake yanasomwa upya na mmoja wetu ili sauti yake isitambuliwe. Kazi ya kukata ni yangu.

Safari hii tuliuliza juu ya wanaume waliofika Malawi bila familia zao. Mwenzetu Esperance alikwenda Lilongwe, akamhoji mlinzi wa ghala la tumbaku katika eneo la viwanda la Kanengo. Aliporudi aliniambia, kama dada yake mkubwa, "Yaya, huyu papa, huyu muzee, anasema muzuri, lakini anaumiza roho."

Nikavaa hedifoni. Sauti niliijua kabla sijaelewa anachosema. Nikajiambia wanaume wengi wa Bukavu wanaongea hivyo.

"Bibi yangu, mama ya batoto yangu, nilimuona Mponela, kwa soko, ananunua mahindi," alisema. "Nilijua njo yeye. Mi nikajificha nyuma ya magunia mpaka akapanda gari. Nilikuwa na bibi mwingine, na batoto. Ningemuambia nini?"

Hapo akataja jina la utani la binti yake mkubwa, na sababu yake: alikuwa akichota sukari kwa mkono. Nyumbani kwetu jina hilo aliitwa mtu mmoja tu. Ni langu.

Nililikata, kwa sababu ni jina. Nikakata Mponela, kwa sababu ni mahali.

Kikundi kilimchagua mdogo wangu asome maneno hayo. Sikupinga. Alisoma vizuri, na Esperance akapiga makofi. "We kaka, uko acteur, muigizaji wa kweli! Unatoa sauti kama muzee kabisa."

"Basi munilipe kama acteur," akajibu, wote wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia kama sauti imerekodiwa sawa.

Sasa, mama ameposwa. Shemasi mmoja, mgane mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, ndiye atakayemuoa. Mama ameanza tena kuimba akishona. Mchungaji ameshawatangaza, na Jumapili ijayo ni tangazo la mwisho. Atauliza, kama anavyouliza siku zote, kama kuna anayejua kizuizi asimame aseme.

Jana mama alisikiliza kipindi. Kilipofika kwenye magunia, alisimamisha cherehani. Nikangoja.

"Umesoma muzuri, mutoto wangu," alimwambia mdogo wangu. Akakata uzi kwa meno. "Maskini huyo bibi. Mungu amusaidie asisikie hii kitu."

"Lakini mama, si ni haki yake ajue?" nilimuuliza.

"Ajue ya nini? Alishalia, akamaliza. Sasa alie tena juu ya mwanaume wa kujificha kwa magunia?" Akacheka, akaendelea kushona gauni lake la harusi.

Hakujua anamsema nani, kwa hiyo siwezi kuhesabu hayo kama ruhusa. Esperance alimuahidi yule mzee kwamba hakuna atakayemjua, na ahadi hiyo ni ya kikundi chote. Nikinyamaza, mama ataapa madhabahuni kwamba ni mjane, nami nitakuwa najua si kweli. Nikisema, narudisha nguo nyeusi ndani ya nyumba kwa ajili ya mtu aliye hai.

Sijalia bado. Nakula, nalala, nakwenda darasani. Jumapili mchungaji atauliza, na mimi nitakuwa kwenye benchi la pili. Nishaurini, ndugu zangu: nisimame, au nikae?