Mama Mafundo na Nyuzi Zilizobaki Msumarini

Unapita mbele ya mlango ule kila Jumapili ukitoka Misa, na kila Jumapili, ukifika hapo, unakumbuka ghafla kuangalia viatu vyako. Nimekuona. Nimewaona wote, mwaka baada ya mwaka: mnafika usawa wa chumba kile kilicho kati ya kanisa na hospitali, mazungumzo yanakatika, mtu anakohoa, mnapita. Halafu mnarudi nyumbani, ambako picha ya mwanamke aliyefanya kazi mle ndani imetundikwa ukutani kwenye kalenda ya parokia, na mnamwomba awaombee mipango yenu itimie. Mngeyajua maisha yake msingethubutu kumwomba hilo. Basi yasikieni tangu mwanzo.

Alizaliwa Jumatano ya Majivu ya mwaka 1931, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe. Wazazi wote wawili walichukuliwa na homa ndani ya mwezi mmoja akiwa na miaka saba, akalelewa na shangazi yake, mshona nguo aliyekuwa na cherehani moja na ulimi mkali. Mtoto alikuwa wa mkono wa kushoto. Mwalimu alimchapa ili aubadilishe, mpaka shangazi akaenda shuleni kumwambia kuwa mkono huo ameuumba Mungu, na kama ana malalamiko ayapeleke huko. Shangazi hakujua kusoma tarakimu. Alipima watu kwa uzi mnene wa pamba, akipiga fundo moja mabegani, moja kifuani, moja kiunoni, moja pindoni, na kila mteja alikuwa na uzi wake kwenye msumari wake ukutani. Wateja waliojifanya wa kisasa walimletea futi ya dukani, naye aliwajibu kwamba hiyo futi haijui kama umekula au hujala. Alimfundisha binti kazi yote, pamoja na sheria mbili ambazo hakuruhusu mzaha juu yake. Ya kwanza: kabla mkasi haujagusa kitambaa, shika uzi na utaje jina la mwenyewe. Ya pili: nguo ikishakamilika, mwenye nguo afungue mafundo kwa vidole vyake. Uzi uliobaki msumarini maana yake kuna mtu yuko uchi.

Shangazi alipofariki, binti alirithi cherehani, kuta na misumari. Mafundo yake yaligeukia kushoto, na hakuna mwingine aliyeweza kuyaiga, kwa hiyo watu wakamwita Dada Mafundo. Alikuwa mcha Mungu wa kawaida, kama wewe. Alisali, alifunga, alishona mavazi ya altare. Na alikuwa na mpango. Aliuandika kwenye karatasi akaiweka kwenye droo ya cherehani: kuolewa na fundi umeme aliyekuwa mchumba wake, kuhamia mji mkubwa, duka lenye vioo viwili, wasichana sita wa kuwafundisha kazi. Kila asubuhi aliweka mkono juu ya droo ile na kumwomba Mungu aibariki. Ulikuwa mpango mzuri. Sitamruhusu mtu aseme ulikuwa wa tamaa.

Mwezi Juni 1953 alijipima mwenyewe, akatundika uzi wake kando ya kioo, na Alhamisi asubuhi akakata gauni lake la harusi. Furaha ikamsahaulisha sheria ya kwanza. Hakutaja jina. Alilikamilisha Jumamosi, akalivaa, likamkaba mabegani na kuishia shubiri nzima juu ya pale lilipotakiwa kuishia. Akadhani amekosea kukata. Lakini alipogeuka aliona uzi wake bado uko kando ya kioo, haujaguswa. Ule aliokatia ulikuwa mezani, mafundo yake yamegeukia kushoto, ya mkono wake kabisa, wala hakukumbuka kuyapiga. Aliushika. Ulikuwa umelowa.

Saa sita mchana siku ile ile aliingia mhudumu wa chumba cha maiti cha hospitali, mtu mpole ambaye mji mzima ulimwita Baridi na hakuna aliyempa mkono. Alikuja kuomba vipande vya kitambaa, kwa sababu maiti wasio na ndugu walizungushiwa nailoni na kufukiwa hivyo. Akaliona gauni mezani, akalipima kwa macho toka mabegani hadi pindoni.

"Huyo ninaye," alisema.

Dada Mafundo alimfukuza. Jumatatu, kwa kuwa uzi haukukauka hata baada ya kuanikwa juani siku nzima, aliuchukua akaenda mwenyewe. Kwenye meza ya saruji alilala msichana aliyeokotwa kando ya reli, hakuna aliyejua jina lake. Dada Mafundo alinyoosha uzi juu yake. Fundo la mabega likakaa mabegani, la kiuno kiunoni, la pindo kwenye kifundo cha mguu. Hapo alifanya lile ambalo wewe ungelifanya: alikimbia. Alilificha gauni chini ya kitanda, akashona jingine kwa uzi wake, safari hii akitaja jina lake kwa sauti. Jumatano msichana alizikwa kwenye nailoni. Uzi wake ulibaki msumarini ukidondosha tone moja moja sakafuni, na kila alipojaribu kuyafungua mafundo yalikaza zaidi.

Siku ya safari ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Harusi ingefungwa kwa kina mchumba, huko mji mkubwa. Alikuwa ameshakaa kwenye basi, cherehani imefungwa juu, mchumba kando yake akitania kwamba amebeba chuma kingi kuliko nguo. Alifungua mkoba kutafuta leso, akakuta uzi. Ulikuwa mfupi, umelowa, una mafundo manne ya kushoto yaliyokaribiana. Aliunyoosha kwenye mguu wake, ukaishia juu kidogo ya goti. Akasimama.

Mchumba alimshika mkono, akamwuliza kama kweli anamwacha kwa ajili ya uzi.

"Siyo uzi," alisema. "Ni mtoto, na hajavaa kitu."

Basi liliondoka na cherehani juu. Aliingia kanisani mchana ule na gauni la pili kwapani, uzi mkononi, na mkobani karatasi ya mpango tu, na mfagiaji aliyekuwa nyuma ya nguzo alisikia maneno yake yote. Ndiyo haya: "Bwana, nimepima watu tangu utotoni. Leo nipime mimi. Kata unavyotaka." Kisha akavuka kwenda hospitali, akamshonea mtoto kwa mkono, kutoka kwenye gauni lake la pili, akakaa kando ya meza ya saruji, akakishika kidole kile kidogo na kufungua nacho mafundo. Uzi ukakauka mkononi mwake.

Hivyo ndivyo alivyoishi miaka arobaini na moja. Chumba kile alipewa na hospitali, akahamia na uzi wa msichana wa reli na gauni lile la chini ya kitanda; cherehani nyingine alipewa na watawa. Asubuhi nyuzi zilikuwapo kwenye misumari, mbili, tano, mara moja kumi na tisa, siku ya ajali ya lori. Kwa kuwa majina hayakujulikana, alishika kila uzi na kusema, "Ni wewe," ndipo akakata. Baridi alisimulia kwamba alipotamka hivyo, maji katika chumba cha maiti yaliacha kudondoka.

Msidhani parokia ilimshukuru. Mwaka 1961 wazee wa kanisa walimshtaki kwa paroko kuwa ni mchawi, na ninayakumbuka majina yao yote, kwa kuwa wawili bado wanakalia benchi la mbele. Paroko, mtu mwoga lakini mkweli, alizikusanya nyuzi na kuzichoma uani baada ya Misa ya saa nne, waumini wakishuhudia. Kesho yake asubuhi alikwenda kuhakikisha. Zilikuwa kwenye misumari, zimelowa, zinanuka moshi, mafundo kamili. Dada Mafundo, ambaye sasa waliomwogopa walimwita Mama, alimwuliza tu kama anaweza kushona vifungo. Paroko akavua saa yake, akaketi. Alishona vifungo kila Jumatatu mpaka alipohamishwa.

Mwaka 1978 alikuta uzi wa mwanamume. Alipoushika aliketi chini, kwa sababu vidole vyake viliyajua mabega yale. Alikuwa ameyapima mwaka 1953 kwa suti ya harusi. Treni ya mchana ilimleta maiti asiye na barua wala ndugu. Mama Mafundo alishona suti ile, yenye mtindo uliopitwa na wakati, na alipofungua mafundo kwa mkono wa yule aliyekuwa mchumba wake, Baridi alimsikia akimwomba radhi kuhusu basi. Hakusema kingine. Wapo wahubiri wanaowaambia kwamba Mungu alimpa zaidi ya alichokiacha. Ni uongo. Duka halikufunguliwa. Wasichana sita hawakuja. Karatasi ilikutwa kwenye droo ya cherehani ya watawa baada ya kifo chake, na alipoulizwa habari za mpango ule akiwa hai alijibu, "Ulikuwa mpango mzuri. Haukuwa Wake."

Ijumaa, tarehe 25 Novemba 1994, alikuta uzi akaunyoosha kwenye mwili wake mwenyewe. Akacheka, akamwambia Baridi, "Nimepungua." Aliutaja kwa jina lake la ubatizo, akakata kile kilichosalia cha gauni la pili, akashona hadi saa tisa alasiri, akakata uzi wa mwisho kwa meno, akalaza kichwa juu ya cherehani. Mafundo yake alifunguliwa na Baridi, sasa mzee wa macho mabovu, kwa kidole cha marehemu mwenyewe cha mkono wa kushoto. Na Baridi alipoinua macho aliona uzi wa msichana wa reli, uliodondosha maji miaka arobaini na moja, unaning'inia mkavu, hauna fundo hata moja. Gauni lililokuwa chini ya kitanda halikuonekana tena.

Baridi naye alikufa mwaka 1996. Mkaufunga mlango. Mkaweka mle ndani viti vya plastiki na spika za kwaya, mkachapisha kalenda. Na nyuzi hazijakoma. Chungulieni dirishani mchana, kama mna ubavu: ukuta wote ni nyuzi, misumari imekwisha, zimeanza kujitundika kwenye viti, mafundo yote yamegeukia kushoto, na sakafu imelowa. Ndiyo maana mnaangalia viatu vyenu. Mnasema mtatumika mkishajenga, mkishasomesha, mkishatulia. Yeye naye alikuwa na karatasi kwenye droo.

Jumanne hii umetokea uzi mfupi, karibu kabisa na mlango. Hospitali ina mtoto wa kike asiye na mtu, na atafukiwa kesho saa nne kwenye nailoni. Ufunguo uko kwa mlinzi wa kanisa, naye hatakukatalia. Kitambaa unacho kabatini, kile unachokitunzia siku yako. Mkasi unao. Weka karatasi hii chini, nenda sasa, shika uzi ule, sema, "Ni wewe," na ukate.