Siku Niliyokivalisha Chama Sare ya Wapinzani

Nitakuhadithieni, lakini mkicheka mcheke taratibu, maana mpaka leo nikiikumbuka siku ile masikio yananiwaka moto.

Nilikuwa na mwaka wa pili Unguja. Mimi mtu wa Tanga, nimevuka bahari kumfuata mume, na miaka ile ya hamsini Unguja ilikuwa nchi ya watu, ina Sultani wake na mambo yake, nawe ukitoka bara ni mgeni tu. Mkwe wangu, Bi Zuhura, ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama cha lelemama (ngoma ya kinamama, lakini vita vyake!), na chama chetu na kile cha Bi Salma vilikuwa paka na panya. Kila chama kilificha sare yake mpaka siku yenyewe ya kucheza, wenzao wasije wakaijua mapema.

Ikatokea harusi Bububu, vyama vyote viwili vikaalikwa. Bi Zuhura akaniita.

"Naam, mama."

"Kanga za sare utanunua wewe. Mimi nkionekana dukani tu, Bi Salma ataletewa habari kabla sijafika nyumbani. Wewe mgeni, hapana akujuaye. Nenda kwa yule wa Darajani, kapokea mzigo mpya. Uzipinde mwenyewe, na mimi usinionyeshe, mdomo wangu siuamini."

Basi nikatoka na buibui langu, nia njema kabisa, wallahi, lakini Idi Kubwa ilikuwa ndiyo kwanza imepita na maduka yanamaliza mali ya msimu, na pale Hurumzi duka moja limemwaga kanga mpaka mlangoni, wanawake wanasukumana, na miguu yangu ikakata kona yenyewe bila kuniuliza (mimi na bei rahisi ni ugonjwa, nakiri). Nikaziona kanga za manjano zenye mananasi mekundu, nzuri, doti kumi na nne, idadi yetu hasa! Nikamwuliza mwenye duka mbona rahisi hivi, akanambia, "Kuna watu waliagiza nyingi, hawakuzimaliza." Na mimi, mwenye akili zangu, sikuuliza watu gani. Kichwani nilikuwa nishamwona mkwe wangu napomrudishia chenji, anawaambia majirani kuwa mwanawe kapata mke.

Siku nne nikajifungia chumbani kuzipinda. Sikutulia hata kidogo. Mlango ukigongwa nazisukuma chini ya kitanda, sindano inanichoma, nazitoa tena nazitazama, roho inanidunda kwa hamu ya kusifiwa.

Siku ya harusi tukaenda Bububu kwa gari la kukodi, tukapewa chumba cha kubadilisha nguo. Nikalifungua furushi kwa madaha. Bi Mwanaidi, mpiga upatu wetu, akaishika kanga moja kwa vidole viwili.

"Bi Zuhura, hizi si za kina Salma? Si ndizo walizochezea Mfungo Mosi?"

(Mfungo Mosi mimi nilikuwa Tanga, namuuguza mama yangu. Ningejuaje?)

Kurudi mjini kubadilisha haiwezekani, ngoma inaanza, na huko uani sauti ya Bi Salma tunaisikia. Bi Zuhura alikaa kitandani kidogo, kisha akainuka.

"Vaeni."

"Tuvae hizi?"

"Vaeni, nshasema. Tumekuja kucheza, hatukuja kulia."

Tukatoka. Kina Salma wamevaa kanga za kijani, mpya, bado zinanukia duka. Walipotuona kicheko kikaanzia mkeka wa mbele kikaishia jikoni. Bi Salma akasimama, mkono kiunoni.

"Karibu, Bi Zuhura! Mngetwambia mapema, tungekuleteeni na zile tunazodekia."

Mkwe wangu akatabasamu, akafungua mdomo ajibu. Na mimi hapo roho haikuvumilia, niliona namponza mama wa watu mbele ya kadamnasi, nikaruka mbele nikapiga ukelele, "Hana kosa! Nimezinunua mimi! Zilikuwa rahisi, zilibaki dukani!"

Zilibaki dukani! Basi hata wale ambao hawakuelewa mwanzoni wakaelewa. Aliyekuwa akicheka kwa adabu akaacha adabu. Tulicheza, ndiyo, lakini tulicheza kama watu wanaomaliza kifungo.

Wakati wa kurudi hakuna aliyetaka kukaa nami isipokuwa Bi Zuhura. Tulipoipita Mtoni nikamgeukia.

"Nisamehe, mama."

"La kanga nshakusamehe zamani, wewe mgeni, hukujua. Lakini kwa nini hukunyamaza?"

"Nilitaka kukukinga."

Akashusha pumzi. "Nlikuwa na jibu mdomoni, mwanangu. Nlitaka nimwambie, 'Tumekuja kukuonyesheni zinavyovaliwa.'"

Gari zima likageuka kunitazama. Jamani, kicheko cha Bububu kilinichoma, lakini jibu lile, jibu tamu vile, kulitia shimoni kwa mdomo wangu, hilo ndilo lililoniliza mpaka nyumbani.

Bei rahisi sijaziacha, sitakudanganyeni. Nilichoapa ni kingine: mkwe wangu akifungua mdomo wake, mimi wangu naufunga.